Perro: Neno Lililotoka Uani Likakalia Baraza

Warumi walimwita mbwa canis, na kila taifa lililorithi lugha yao lilirithi pia jina hilo. Mwitaliano husema cane, Mfaransa chien, Mromania câine, Mreno cão. Mhispania naye alilipokea kwa sura ya can, akalitumia karne nyingi bila kulionea haya. Lakini leo mtoto wa Madrid, wa Lima au wa Havana akiulizwa jina la mnyama abwekaye mlangoni, hatasema can. Atasema perro. Neno hilo halikutoka katika Kilatini cha Warumi, wala katika Kiarabu kilichotawala sehemu kubwa ya rasi ile, wala halifanani na txakur ya Wabaski, ambao lugha yao ilikuwako huko kabla ya Warumi kufika. Kamusi ya Akademia ya Kifalme ya Uhispania, chombo kilichoasisiwa mwaka 1713 ili kuyatunza maneno ya Kikastilia, hulimaliza suala hili kwa ufupi wa mtu aliyekwisha kuchoka kuulizwa: asili yake haina hakika.

Jambo hili si dogo. Majina ya vitu vya mbali huja na kwenda, ila majina ya vitu vya nyumbani, kama maji, jicho, mama na mbwa, aghalabu hudumu kuliko falme. Neno mbwa lenyewe ni shahidi. Mganda husema embwa, Mshona imbwa, na Mnyarwanda vilevile imbwa, na udugu huo wa maneno ni mkongwe kuliko mji wowote wa pwani. Basi lugha inapoliacha jina la mnyama aliyelala mlangoni pake miaka elfu na zaidi, ikamkabidhi jina jingine lisilojulikana wazazi wake, pana kisa. Na Kihispania hakiko peke yake katika kisa hicho. Waingereza walikuwa na hound, wakaliachia wawindaji na kuchukua dog, neno linalochomoza mwishoni mwa Kiingereza cha kale bila nasaba. Wakatalani, majirani wa Wakastilia, walikuwa na ca, nao leo husema gos, na gos halina kwao vilevile. Ni kana kwamba mbwa ana desturi ya kuyatoroka majina aliyopewa na wakubwa.

Katika maandishi ya Kastilia perro huonekana tangu karne ya 12, na kwa muda mrefu likaishi uani. Barazani alikuwako can. Katika kitabu cha uwindaji kinachohusishwa na Mfalme Alfonso wa Kumi na Moja, aliyetawala tangu 1312 hadi 1350, wanyama wanaofukuza dubu na nguruwe mwitu na kutibiwa majeraha yao kwa uangalifu wa tabibu, huitwa can. Mbwa wa watu wenye nasaba nao walikuwa na majina yenye nasaba. Galgo, mbwa mwembamba mwenye mbio, jina lake latoka kwa Wagalia wa zamani wa Ufaransa, na alano, mbwa wa kukamata, latoka kwa kabila la Waalani waliovamia Iberia mwanzoni mwa karne ya tano. Perro hakuwa na cheti cha namna hiyo. Alikuwa mbwa wa mchungaji, mbwa wa jalalani, mbwa wa kupigiwa kelele, na neno lenyewe likawa la watu wasioandika. Ndiyo sababu linapojitokeza kwenye karatasi za enzi hizo hujitokeza likiwa tayari na dharau.

Wataalamu wamejaribu kulitafutia baba. Mwaka 1611 Sebastián de Covarrubias alichapisha hazina yake ya lugha ya Kikastilia, kamusi kubwa yenye elimu nyingi na mizaha isiyokusudiwa. Yeye alisema perro latokana na neno la Kiyunani lenye maana ya moto, kwa kuwa tabia ya mbwa ni kavu na yenye joto. Watu wa leo humcheka. Haifai kumcheka sana, maana alifanya walivyofanya wasomi wote wa zama zake: aliitazama sifa ya kitu, kisha akatafuta neno tukufu la kale linalokaribiana nayo kwa sauti. Kosa lake ni kudhani kwamba kila neno lazima liwe limezaliwa katika nyumba ya wasomi.

Aliyekaribia zaidi ni Joan Corominas, Mkatalani aliyeondoka Uhispania baada ya vita vya 1936 hadi 1939, akafundisha katika Chuo Kikuu cha Chicago na kutoa, kati ya 1954 na 1957, kamusi ya asili ya maneno ya Kikastilia ambayo hadi leo hakuna mwanafunzi wa fani hii anayeweza kuipita bila kubisha hodi. Corominas alisema kwamba yamkini perro halikurithiwa kutoka lugha yoyote, bali limezaliwa kinywani mwa wachungaji. Mchungaji wa Kastilia alipotaka mbwa wake awasukume kondoo alimpigia ukelele wa kutetemesha midomo na ulimi, prrr, na mnyama akaitwa kwa sauti ile ile aliyoamrishwa kwayo.

Mtu anaweza kulalamika kwamba kukimbilia sauti za wanyama na wachungaji ni kimbilio la mwanaisimu aliyekosa hati, na lawama hiyo ina haki yake. Hata hivyo, dai la Corominas lina nguvu ambayo madai mengine hayana, nayo ni kwamba linapatana na hali ya neno lenyewe: la chini, la shambani, halina ndugu wa kweli nje ya Iberia, na limejengwa juu ya herufi ambayo Warumi wenyewe waliifananisha na mbwa. Mshairi Persius, aliyeishi karne ya kwanza, aliiita R herufi ya mbwa, kwa sababu kuitamka ni kunguruma. Miaka elfu na mia tano baadaye Shakespeare akaurudia mzaha huo katika mchezo wa Romeo na Juliet. Na Kihispania, kuliko lugha nyingi za Ulaya, hukifanya kinguruma hicho kibebe maana. Pero, kwa R nyepesi ya ncha ya ulimi, ni lakini. Perro, kwa R iliyovutwa ikatetema, ni mbwa. Mgeni anayejifunza lugha hiyo huweza kuanza hoja yake kwa lakini na wenyeji wakamsikia akiita mbwa. Ndiyo maana watoto wa Uhispania hufunzwa ulimi kwa kitanza kimoja mashuhuri kinachomhusu mbwa wa Mtakatifu Roque asiye na mkia, kitanza kilichojaa R hizo tangu mwanzo hadi mwisho. Roque huyo, kwa mujibu wa hekaya za kanisa, aliugua tauni akajitenga msituni, na mbwa ndiye aliyemletea mkate.

Tena perro hayuko peke yake kwa mngurumo huo. Zorro ni mbweha, burro ni punda, becerro ni ndama, cachorro ni mtoto wa mbwa, guarro ni nguruwe. Maneno haya hayana asili moja. Burro, kwa mfano, latokana na jina la Kilatini cha baadaye la farasi mdogo. Lakini sikio la Kastilia ni kama limeyakusanya zizini pamoja, na huenda sikio hilo ndilo lililompa perro ushindi dhidi ya can, neno fupi lililokosa meno.

Hapo ndipo historia ya neno inapoacha kuwa ya wanaisimu peke yao. Kabla perro halijawa jina la kawaida la mbwa, lilikuwa jina la kawaida la mtu aliyedharauliwa. Katika Kastilia ya karne za kati, na zaidi baada ya Granada kuanguka mwaka 1492, Mwislamu aliitwa mbwa na Myahudi aliitwa mbwa, na walioingia Ukristo kwa khofu waliitwa vilevile, wao na wajukuu wao. Francisco de Quevedo alipotaka kumuumiza mshairi mwenziwe Luis de Góngora kwa kumsingizia damu ya Kiyahudi, hilo ndilo neno alilolichomoa. Michezo ya kuigiza ya enzi hiyo huliweka pia kinywani mwa Waislamu wa Algiers wakiwatukana mateka wa Kikristo, kwa kuwa chuki, tofauti na imani, hutafsirika upesi.

Msomaji wa Kiswahili ana mfano wa jambo hili karibu naye. Mbwa ni jina la mnyama. Kelbu, ambalo kwa Mwarabu ni mbwa huyo huyo wa kawaida, lilipovuka bahari likafika pwani hii likiwa tusi tupu. Hakuna anayesema kelbu amebweka usiku kucha. Neno la nyumba moja limekuwa fimbo katika nyumba nyingine. Perro lilikwenda njia hiyo kinyumenyume: lilianza kama fimbo, na polepole mnyama akalipokea likawa jina lake. Hata wale waliopigwa kwalo walilichukua. Mayahudi waliofukuzwa Uhispania mwaka 1492 wakaenda kuishi Thessaloniki na Istanbul walihifadhi Kihispania chao kwa karne nyingi, na katika Kihispania hicho mbwa ni perro. Walifukuzwa wakiitwa neno hilo, na bado waliondoka nalo.

Mwaka 1613 Miguel de Cervantes, ambaye mwenyewe alikuwa mateka Algiers tangu 1575 hadi 1580, alitoa mkusanyiko wa hadithi zake za mfano, na ya mwisho ni mazungumzo ya mbwa wawili, Cipión na Berganza. Wanalinda hospitali moja ya Valladolid, na usiku mmoja wanajaliwa kusema. Katika jina la hadithi Cervantes hakuandika canes. Aliandika perros, na kwa hilo peke yake msomaji anajua kwamba neno limekwisha kupanda kutoka uani. Berganza anasimulia mabwana aliowatumikia. Alipokuwa mbwa wa kondoo aliamrishwa kila usiku kumfukuza mbwa mwitu asiyeonekana, hadi alipojificha akaona kwamba wanaochinja kondoo ni wachungaji wenyewe, kisha humsingizia mbwa mwitu na kumpiga mbwa kwa uzembe. Neno la wachungaji linawarudia wachungaji, likiwa na ulimi sasa.

Lakini hadithi hiyo ina mahali pengine pasipotulia. Berganza aliwahi kumtumikia Mmorisko wa Granada, yaani mzawa wa Waislamu waliobatizwa, na anapofika kwake hugeuka mkali, akawashutumu Wamorisko wote kwa ubahili na kwa wingi wa watoto, kama walivyoshutumiwa sokoni. Kufukuzwa kwao kulianza mwaka 1609 na kukamilika 1614. Hadithi ilichapwa meli zikiwa bado zinawabeba. Basi watu walioitwa mbwa kwa miaka mia wanatukanwa na mbwa. Wahakiki wamegawanyika iwapo Cervantes alikuwa akiwadhihaki Wamorisko au akiwadhihaki wanaowadhihaki. Cipión, mwenye busara zaidi kati ya wawili hao, hapingi, husema tu kwamba dawa itapatikana. Ni vigumu kuisoma kurasa hiyo bila kuhisi kwamba mwandishi alijua vema ni kinywa cha nani alichokiazima.

Ng'ambo ya Atlantiki neno lilizaa kitenzi ambacho ingefaa kisiwepo. Kitenzi hicho ni aperrear, kumtupia mtu mbwa. Wahispania walivuka na mbwa wakubwa wa vita, na wawili kati yao wana majina katika historia: Becerrillo, aliyekuwa Puerto Rico pamoja na watu wa Juan Ponce de León, na mwanawe Leoncico, mbwa wa Vasco Núñez de Balboa, aliyepewa fungu la ngawira kama askari. Mwaka 1513, katika safari iliyomfikisha Balboa kwenye Bahari ya Pasifiki, watu wapatao 40 walitupiwa mbwa katika nchi ya Quarequa. Katika Maktaba ya Taifa ya Ufaransa imehifadhiwa hati iliyochorwa Meksiko yapata mwaka 1560, na wanaoichunguza huiita hati ya aperreamiento. Inamwonyesha kuhani wa kienyeji akiraruliwa na mbwa aliyeshikwa kwa mnyororo, wengine wakingoja zamu yao wamefungwa shingo, na Hernán Cortés amesimama akitazama.

Watu hao wa Meksiko walikuwa na mbwa wao tangu kale. Kwa Kinahuatl waliitwa itzcuintli, na mbwa alikuwa moja ya alama 20 za siku katika kalenda yao. Waliamini kwamba ndiye amvushaye maiti mto wa ahera. Walichokiona kikitoka merikebuni hakikuwa mnyama huyo.

Mwandishi wa tarehe Gonzalo Fernández de Oviedo amesimulia kisa kimoja cha Becerrillo. Kikongwe mmoja wa Puerto Rico alipewa barua na nahodha akaambiwa aipeleke kwa gavana. Barua ilikuwa hila. Alipoondoka kidogo wakamfungulia mbwa, ili wastarehe kwa kumwona akiliwa. Kikongwe alikaa chini, akamwonyesha mnyama ile barua, akamsihi kwa lugha yake asimdhuru, kwani yeye ni mjumbe tu. Oviedo, akiyaandika maombi hayo kwa Kikastilia, anamfanya kikongwe amwite mbwa kwa neno perro na kulitanguliza neno la heshima ambalo Mhispania humwitia bwana wake. Mbwa akasimama, akamnusa, akainua mguu akamkojolea, akaenda zake. Askari walistaajabu, na Ponce de León akaamuru mama yule aachiwe. Katika maandishi yote ya Kihispania ya karne ile si rahisi kupata mahali ambapo perro limetamkwa kwa adabu zaidi kuliko hapo, na aliyetamkishwa hakuwa na mwingine wa kumwomba.

Leo aperrear humaanisha pia kumchosha mtu kwa kazi au kumsumbua, na wengi wanaolitumia kwa maana hiyo hawana habari ya Quarequa.

Na can je? Mbwa hafi maji akiona ufuko, na can nalo lilipata fuko zake. Limebaki katika mashairi, katika lugha ya polisi na madaktari wa mifugo, na katika canícula, siku za joto kali zilizopewa jina kwa nyota ya Mbwa. Limebaki pia baharini. Pliny, mwanachuoni wa Kirumi, aliandika kwamba Mfalme Juba wa Mauretania alipata habari za kisiwa kimoja cha magharibi kiitwacho Canaria kwa sababu ya wingi wa mbwa wakubwa, na kwamba wawili kati yao waliletwa kwake. Visiwa vyote vikaja kuitwa Canarias, na ndege mdogo wa manjano aliyetoka huko akaitwa canario. Kwa hiyo yule ndege wa kizimbani anayesifiwa kwa sauti yake amebeba jina la mbwa, tena jina la Kilatini, ambalo mbwa mwenyewe amekwisha kulivua.

Perro, kwa upande wake, limeenea hadi mifukoni. Mwaka 1870 serikali ya mpito ya Uhispania ilitoa sarafu za shaba zenye picha ya simba aliyesimama ameshika ngao ya taifa. Mchongaji alikusudia utukufu, lakini watu walitazama wakaona mbwa jike. Sarafu ya senti 10 ikaitwa perra gorda, yaani jike nene, na ya senti 5 perra chica, jike dogo, na mpaka leo perras ni fedha katika mazungumzo ya Wahispania. Maisha magumu ni ya mbwa, hali mbaya ya hewa ni ya mbwa, na anayeshikilia jambo kwa ukaidi huwa amejitia umbwa. Asiyekula wala kumwacha mwenziwe ale ni mbwa wa mkulima wa bustani, methali ambayo Lope de Vega aliigeuza mchezo uliochapwa mwaka 1618, kuhusu bibi mkubwa asiyetaka kuolewa na karani wake wala kumwona akioa mwingine.

Neno lenye tabaka nyingi hivi humtesa mfasiri. Mwaka 1963 Mario Vargas Llosa wa Peru alitoa riwaya yake ya kwanza, La ciudad y los perros, yaani Mji na Mbwa. Mbwa hao ni wanafunzi wa mwaka wa kwanza katika shule ya kijeshi ya Leoncio Prado mjini Lima, ambao wakubwa wao huwatembeza kwa miguu na mikono na kuwabwekesha. Riwaya ilipotolewa kwa Kiingereza mwaka 1966 ilipewa jina lenye maana ya wakati wa shujaa. Mbwa wakaondolewa jaladani. Pengine ilidhaniwa kwamba msomaji wa Kiingereza angetazamia kitabu cha wanyama, lakini pamoja na mbwa iliondolewa karne nane ya dharau ambayo mwandishi aliipata bure katika lugha yake. Kiswahili, chenye mbwa na kelbu, kisingekuwa na udhuru huo.

Kati ya 1820 na 1823, akiwa mzee na kiziwi, Francisco de Goya alichora picha 14 juu ya kuta za nyumba yake nje ya Madrid. Hakumwonyesha mnunuzi, wala hakuzipa majina. Baada ya kufa kwake zilibanduliwa zikahamishiwa kwenye turubai, na tangu karne ya 19 zimo katika jumba la Prado. Moja ni takriban tupu: uwanda wa rangi ya mchanga uliochafuka, na chini kabisa, nyuma ya mteremko mweusi, kichwa cha mnyama kimeinuliwa, kinatazama juu mahali pasipo kitu. Huenda anazama, huenda anachungulia. Waliokuja baadaye walilazimika kuiandikia picha hiyo jina katika orodha zao, wakaandika perro.